Sosthenes Luhwago na Goli la Kusini

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Ndugu Sosthenes Luhwago, ambaye wengi tunamwita Baba Evarista, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika kiwanda chetu cha mbao hapa Mufindi.

Aliajiriwa mwaka 1992 kutunza uwanja wa timu yetu, Msumeno. Wafanyakazi wapya wanaoiona yadi ya magogo hawaamini kwamba hapo palikuwa na uwanja wenye ukuta wa matofali na jukwaa la mbao. Baba Evarista alifyeka nyasi kwa mkono na kuchora mistari kwa chokaa. Siku za ukungu mzito alisimama katikati ya uwanja akipuliza filimbi ili waamuzi wapaone.

Mwaka 1998, asubuhi ya mechi yetu na timu kutoka Mwanjelwa, alionekana amepiga magoti katika goli la kusini akifukia kitu. Habari ziliwafikia wageni kabla basi lao halijasimama. Walikataa kupita getini, wakaruka ukuta mmoja mmoja, na kipa wao akagoma kusimama golini mpaka amwage chumvi kwenye mstari wote. Kipindi cha pili tukabadilishana magoli, tukafungwa mawili, yote hapo kusini.

Ndipo nasi tukaanza kumshuku. Marehemu Mzee Aroni, katibu wa timu, alimwuliza mbele ya wachezaji, "Baba Evarista, hiyo dawa yako ulisahau kuiambia timu yake ni ipi?" Alicheka, akaendelea kukunja nyavu.

Uwanja ulibomolewa Juni 2014. Tingatinga liliangusha ukuta, jukwaa na goli la kaskazini. Lilipofika kusini, dereva wake, Clement, alizima injini. "Bosi, mimi nina watoto wanne. Hapo chimba wewe, mimi nitakuja kusawazisha."

Meneja wa wakati huo alimtaka Baba Evarista athibitishe kwamba hapana kitu. Akajibu, "Sijasema kipo. Sijasema hakipo." Tingatinga likageuza.

Ndiyo sababu goli lile bado limesimama, pamoja na ngazi tatu za zege, kibanda cha tiketi ambamo Mama Violet anauzia chai na vitumbua, na kipande cha nyasi wanachochezea watoto wa kota za wafanyakazi. Watoto hao hawana pengine. Kwingine kote ni magogo na malori. Baba Evarista alihamishiwa kwenye tanuri la kukaushia mbao, akalihudumia bila ajali hata moja, lakini Jumamosi alirudi kufyeka nyasi zile bila kuagizwa na mtu.

Septemba mwaka huu uongozi ulitaka kipande hicho kiwe sehemu ya kupanga mbao. Akaitwa tena, akaombwa aseme ukweli kabla hajaondoka. Akaaga, akarudi kwenye tanuri lake. Meneja wa sasa anasema haamini mambo hayo, ila siku ya ukaguzi alilizunguka goli kwa mbali.

Mimi pia nilijaribu. Siku ile ya 1998 nilikuwa jukwaani, na sijaacha kumshuku. Wiki iliyopita, tukiwa kwa Mama Violet, nilimwuliza kama alifukia kitu au alikuwa anaziba shimo tu.

"Yusta wako bado anadaka pale?" akauliza.

Nikasema ndiyo, binti yangu yuko golini pale kila jioni.

"Basi kunywa chai, Paulo. Inapoa."

Baba Evarista, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi yako na kwa uvumilivu wako juu ya midomo yetu. Tunakutakia pumziko jema huko Madibira wewe na mama. Mpunga ustawi, wajukuu waongezeke. Na wakubwa wakikupigia simu kuuliza habari za goli la kusini, tunaomba siku hiyo mtandao uwe unasumbua.