Barua ya Onyo Katika Faili la Bi Soma-Kwanza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtunza hifadhidata wetu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita, akiwa na barua moja ya onyo katika faili lake la utumishi. Afisa utumishi ameniomba wasifu mchangamfu wa kusomwa ukumbini. Nitajaribu, lakini nina hasira, na barua hiyo ndiyo sababu. Chuo cha ufundi kinataka kumchukua afundishe, nacho kimeomba kuliona faili hilo.

Alianza kwa kuchapa kadi za wagonjwa kwa vidole viwili, katika stoo yenye dirisha moja na feni mbovu. Programu ya kliniki ilipohamia kwenye wavuti, akakabidhiwa hifadhidata. Sisi waandishi wa programu tulimbatiza Bi Soma-Kwanza, maana hakuna faili la mabadiliko, yaani maagizo ya kubadilisha hifadhidata, lililopita mezani pake bila kusomwa mstari kwa mstari, miwani imeshuka puani, kidole kikifuata kwenye kioo. Tulimcheka. Faili limeandikwa na mashine, anasoma nini tena?

"Mashine inaona ulichofanya," alituambia, "haioni ulichokusudia."

Mwaka juzi tuliamua safu ya "simu" iitwe "simu ya mgonjwa". Jina tu. Tukaiachia mashine itengeneze faili la mabadiliko, nayo ikaandika mistari miwili: futa safu ya zamani pamoja na vyote vilivyomo, ongeza safu mpya tupu. Bi akalikataa. Alitaka iandikwe kwa mkono kwamba safu inabadilishwa jina, kisha ijaribiwe kwenye nakala. Meneja akaona anamchelewesha. Akamwandikia onyo kwa "kukwamisha kazi", na faili likaendeshwa bila yeye.

Namba za simu za wagonjwa elfu kumi na moja zikafutika mchana kweupe, wauguzi wakiwa katikati ya kuwapigia watu simu kuwapa majibu ya vipimo. Bi hakumsuta mtu. Alifungua nakala ya akiba aliyoichukua asubuhi ile bila kutumwa, akarudisha kila namba kabla ya saa kumi. Aliyepongezwa kwa kutatua dharura ni meneja. Barua ikabaki palepale. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajasoma utawala.

Mara tatu nimeuliza kwa nini haiondolewi. Najibiwa kwamba suala halijafungwa: faili liliendeshwa kwa akaunti ya pamoja, na aliyebonyeza hajulikani.

Basi ajulikane leo. Ni mimi. Meneja alisema endesha, nikaendesha bila kusoma mistari miwili. Nikakaa kimya miaka miwili huku mama wa watu akibeba onyo. Liandikwe upya kwa jina langu, na la kwake lichanwe kabla ya Ijumaa.

Bi, nisamehe, na ahsante. Nenda kwa afya na furaha, na wanafunzi wako wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi.