Santuri za Nzioka

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Na wale wa viti vya nyuma pia waitikie, hasa yule mzee mmoja karibu na mlango anayejifanya hanioni.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Mutua wa hapa Masii, yule wa kikundi cha akina mama, yule anayewafokea mkichelewa maombi ya Jumatano. Mmenisikia mara nyingi nikishuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa na mambo ya dunia. Leo nataka kushuhudia jinsi alivyoniokoa na ukali wangu.

Miaka ya sitini nilikuwa msichana, na kwa vile niko mbele ya madhabahu nitasema ukweli: nilipenda muziki! Hata mume wangu Nzioka nilimpata kwa muziki. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, viatu vya ncha, na nywele zilizopasuliwa njia kwa kichana na kupakwa mafuta mpaka nzi wangeteleza. Kwenye harusi ya dada yangu aliweka santuri moja ya twist, gitaa mbili zikijibizana, akanifundisha kukunja magoti mpaka vumbi likatufunika. Tulipooana tulikuwa na vitu vichache tu: kitanda, mkebe mkubwa wa mafuta ya Kimbo, redio ya mbao iliyokula betri, yale mawe yenye picha ya paka, ile gramafoni, na sanduku la santuri zake. Alikuwa akiimba akioga, na mimi nikikamua ng'ombe huko nje namwitikia. Tulikuwa na raha, jamani.

Halafu, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nikaokoka kwenye mkutano wa hema. Haleluya! Hapo sijuti. Lakini mhubiri mgeni alitangaza kwamba kesho yake kila mtu alete kitu cha shetani kichomwe. Watu wakaleta hirizi, wakaleta ugoro. Mimi sikuwa na hirizi, na ugoro sijawahi kunusa. Nikaona aibu kwenda mikono mitupu! Nzioka alikuwa kazini kwenye kiwanda cha simiti huko Athi River, hurudi Jumamosi kwa Jumamosi. Nikabeba sanduku lake lote kichwani, nikalipeleka.

Santuri haziungui vizuri, ndugu zangu. Zinajikunja, zinatoa moshi mweusi wa kuwasha macho. Watu walipiga makofi, na mimi niliruka kuliko wote.

Jumamosi ikafika. Nzioka akaingia, akaona pale palipokuwa na sanduku pako wazi. Nikamweleza kwa furaha, nikifikiri ataokoka papo hapo. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Hata kuniuliza?" Akatoka nje akaenda kufungia mbuzi.

Tangu siku hiyo hakuimba tena akioga. Na hakuniita tena Ndunge, jina langu la usichana ambalo yeye peke yake alikuwa amebaki nalo. Akaanza kuniita Mama Mutua, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Chakula alileta, shamba alilima, lakini mume wangu sikuwa naye. Kanisani hakukanyaga. Nami nilisimama hapa hapa miaka saba nikiwaambia mumwombee Nzioka afunguliwe vifungo. Mkaomba, Mungu awabariki. Kumbe mwenye vifungo ni mimi!

Alistaafu, tukabaki wawili nyumbani, tukiongea habari za mvua na kuku tu. Msimu wa kupanda ulipokaribia, nilitafuta chombo cha kuweka mbegu za kunde, nikauteremsha ule mkebe wetu wa Kimbo kutoka juu ya kabati. Ndani kulikuwa na pamba iliyolowa mafuta. Nikaifunua. Zilikuwa sindano za gramafoni! Kumi na moja, safi, bila kutu. Miaka saba yote mtu huyu amekuwa akizipaka mafuta, na santuri hana hata moja.

Niliketi sakafuni nikalia. Nikasema, Bwana, wewe uliniomba moyo wangu, hukuniomba vitu vya Nzioka. Nilikutolea sadaka ya mtu mwingine nikajisifu.

Siku ya soko nikaenda kwa yule fundi wa redio anayeuza kadi za kutuma salamu redioni. Akanitazama akacheka. "Ai, mwaitu, mama yangu! Wewe na kadi ya salamu? Ama ni ya mtoto?" Nikamwambia lete kadi na kalamu, maswali baadaye. Nikaandika mwenyewe: Ndunge wa Masii anamsalimu Nzioka, anaomba wimbo wowote wa twist wa miaka ya sitini. Pale kwenye ujumbe nikaandika: Nisamehe kwa kuchoma santuri zako. Nilizichoma mbele ya watu, nikaona ni haki niombe msamaha mbele ya watu.

Kuanzia hapo kila Jumapili mchana nilikaa naye nje tukipukuchua mahindi, kipindi cha zilipendwa kikiendelea. Zamani ningeizima redio. Alinitazama kwa jicho la pembeni lakini hakuuliza. Jumapili tatu zikapita bila kitu. Ya nne, nikasikia mtangazaji akisoma jina langu, jina lake, na ule ujumbe wote, nchi nzima ikisikia! Gitaa zikaanza.

Gunzi la mahindi lilimponyoka. Akaliokota, akalipangusa vumbi. Kisha akasema, "Ndunge, kumbe ndiyo sababu mawe ya redio yangu yanaisha upesi?"

Ndunge! Aliniita Ndunge! Nililia, nikacheka, nikamwambia nisamehe, akasema, "Yaliisha hapo kwa redio." Akasimama, akakunja magoti yale ya kiwanda, yakalia ka! ka! Na mimi nikasimama. Mama Mwikali alipopita barabarani akatuona, akakimbia kuwaambia. Ni kweli, Mama Mwikali. Ulituona.

Santuri hatujapata tena, na sindano bado ziko kwenye mkebe. Lakini anaimba akioga. Siku hizi anaimba nyimbo zetu za kanisa kwa mwendo wa twist, mwalimu wa kwaya atusamehe.

Ndugu yangu, kama kuna mtu uliyemuumiza kwa jina la Mungu, nenda kwake leo, mwambie. Usiogope, mtumaini Bwana. Mimi alinirudishia jina langu, na leo amemleta mzee wangu kwa miguu yake, bila kuvutwa na mtu. Namshukuru sana!

Nzioka, simama watu wakuone. Simama tu, usidansi.