Sura ya Eusebio kwenye Mkate

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama wa hapa hapa Oruro, wa mtaa wa juu, karibu na mlango wa zamani wa mgodi. Mama Saturnina Colque. Mama Saturnina wa sura za mikate. Tulimzika wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sabini na moja.

Wengi mliijua mikono yake. Kila mwisho wa Oktoba, nyumba yenye marehemu hukanda mkate wenye umbo la mtoto, wa kuwekwa mezani roho yake inaporudi Novemba, na mtoto huyo hupachikwa sura ndogo ya jasi kabla ya kuingia tanurini. Sura za sokoni zote ni moja: mashavu mekundu, macho ya buluu. Mumewe, Fermín Poma, alipofia mgodini, Saturnina aliitazama sura ya sokoni akairudisha. "Fermín wangu hakuwa mwanasesere," alisema. "Nitamtengeneza mwenyewe."

Mara ya kwanza jasi ilipasuka. Mara ya pili unga uliumuka ukaimeza sura yote, ikabaki pua. Watu waliokuja kuoka walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Shoga, huyu ni Fermín au kiazi?" aliuliza Mama Benedicta, mwenye tanuri.

"Kiazi ni wewe. Na moto wako ni wa kuchomea matofali!"

Alijifunza kukausha jasi kivulini, siku nne. Alijifunza kuzamisha kingo za sura kwenye unga, kina cha ukucha. Mwaka wa tatu Fermín alitoka tanurini akiwa Fermín, na lile jino lake lililovunjika. Mama mkwe aliangua kilio pale pale. Tangu hapo watu walimletea Saturnina picha za wafu wao.

Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Eusebio. Akiwa na miaka ishirini, Eusebio alikwenda Buenos Aires kushona nguo. Zikaja barua mbili. Kisha kimya. Kimya cha miaka kumi na moja.

Mnaijua shida aliyokuwa nayo. Roho isiyoandaliwa meza huja na njaa na kuondoka na njaa. Lakini kumkandia aliye hai mkate wa wafu ni kumchimbia kaburi mapema. Kila Novemba swali lilikuwa moja: Eusebio ni mzima au amekufa? Na kila Novemba mdogo wake Saturnina, Hilaria, alimbana.

"Dada, mwandalie. Kama amekufa, anaombaomba kwenye meza za wenzake."

"Hajafa."

"Umejuaje?"

"Ningejua."

Miaka kumi alijibu hivyo. Mwaka wa kumi na moja mtu mmoja alirudi kutoka kule, akasema kiwanda cha nguo cha watu wetu kiliungua, na ndani mlikuwa na Eusebio. Jina la ukoo hakulijua. Eusebio tu. Siku ya tatu Saturnina akakoroga jasi.

Hilaria anasema hakuwahi kuona sura nzuri kama ile. Kovu juu ya nyusi ya kushoto lilikuwepo. Sikio moja lililochongoka lilikuwepo. Saturnina alichonga huku akizungumza naye: "Tulia, mwanangu, nisikukosee."

Tarehe mosi Novemba, saa sita mchana, saa ambayo roho huingia, meza ilikuwa tayari na majirani wanasali. Mlango ukasukumwa. Akaingia Eusebio, mzima, begi begani.

Mama Benedicta aliendelea kusali, tena kwa sauti kubwa zaidi. Saturnina alisimama, akambonyeza mwanawe shavu kwa kidole, kama anayepima unga kama umeumuka. Eusebio alikuwa anatabasamu. Kisha akaiona meza. Akaiona sura yake.

"Mama, mmenizika?"

Aliyejibu ni Hilaria. "Barua moja, Eusebio! Miaka kumi na moja, barua moja ilikushinda?"

"Ningeandika nini, mama mdogo? Kwamba nalala chini ya cherehani? Nilingoja nipate cha kusema." Akaitazama tena meza. "Nilijua kuna mtu mmoja duniani ambaye hataamini nimekufa."

Akaweka kifurushi kati ya mikate, akatoka. Saturnina alimkimbilia mpaka kituo cha basi, bila kofia kichwani, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Basi likaondoka.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na brashi sita nyembamba za rangi. Za kupakia sura.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Saturnina hakukoroga tena jasi. Waliokuja na picha aliwarudisha nazo. Ule mkate, ambao kwa desturi huliwa meza ikiondolewa, aliutia sandukuni mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Wiki yake ya mwisho alimwambia Hilaria, "Mkimwona, mwambieni sikuuma hata kipande."

Kwa Hilaria Colque na ukoo wote, poleni sana. Na wewe msikilizaji, ambaye kuna mtu anakungoja nawe unangoja upate cha kusema: usingoje. Sema tu kwamba u mzima. Inatosha. Yeye hakuhitaji zaidi ya hapo.

Novemba hii meza ni ya Mama Saturnina. "Kukanda najua," Hilaria aliniambia jana. "Sura sijui." Na ya sokoni hataki. Basi mkate wa dada yake utaingia tanurini bila sura. Zile brashi sita zitawekwa kando yake. Hazijawahi kugusa rangi.

Eusebio Poma, mwana wa Fermín na Saturnina, kama sauti hii inakufikia huko uliko: saa sita mchana mlango utakuwa wazi. Safari hii aliyeandaliwa meza amekufa kweli.