Mzee Nicodemo Margwe na Kunguru wa Mlimani

Marehemu mzee Nicodemo Margwe Hhando alizaliwa Gitting tarehe 3 Juni 1936. Alisoma hadi darasa la nne, akaachishwa mwaka 1950 kwa sababu ng'ombe wa nyumbani walikosa mchungaji. Mwandiko wake ulibaki mzuri hadi uzeeni.

Mwaka 1961 alifunga ndoa na Efrazia Bura wa Nangwa. Walijaliwa watoto watano, mmoja alitangulia.

Mashamba ya ngano ya serikali yalipoanza, marehemu alibeba magunia misimu miwili, mgongo ukamshinda. Mwaka 1971 aliajiriwa mlinzi wa msitu mlimani Hanang. Huko, chini ya miti ya mipodo na mitarakwa, aliwaona kunguru wenye shingo nyeupe wakifukia mbegu za podo na punje za ngano zilizodondoka kwenye malori. Kunguru akijua mwenzake anamtazama, alifukua akaenda kuficha kwingine. Zile walizozisahau zilichipua mvua ikinyesha. Marehemu aliandika yote hayo, tarehe na mahali, huku mama yetu Efrazia akipalilia mahindi peke yake na kulalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika.

Mwaka 1986 alipita mtaalamu mmoja wa ndege, akaazima madaftari yake yote saba. "Nitayarudisha baada ya Pasaka, mzee." Hakurudi. Miaka miwili marehemu alishuka Katesh kila mwisho wa mwezi kuulizia posta. Siku moja alirudi, akavua viatu mlangoni, akakaa.

"Nimechoka, mama Helena. Siendi tena."

Mama alimwekea daftari jipya mezani. "Andika unayoyakumbuka."

Aliandika kurasa tisa, akaliacha.

Alistaafu mwaka 1991, na macho yakaanza kuziba. Ndipo mama, aliyejifunza kuandika ukubwani kwenye kisomo, alipomshika mkono wakapanda mlimani pamoja.

"Anafukia?"

"Anafukia. Sasa anageuka nyuma."

"Ngoja, atafukua."

Akafukua kweli. Mama alicheka, akaandika. Kuanzia siku hiyo daftari lilikuwa la mama.

Mwaka 1997 marehemu aliugua figo. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani, kwa kuwa safari zilimchosha kuliko ugonjwa. Jumatano ya mwisho mama alipanda mlimani peke yake, akarudi na matope hadi magotini, akamsomea ukurasa mmoja.

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wameongezeka," alisema, akageukia ukutani akalala. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 1998 alituacha.

Ameacha mjane, mama Efrazia. Watoto wanne, Helena, Gervasi, Genoveva na Akonaay. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada yake, Kornelia wa Mogitu. Tunawashukuru majirani waliombeba kwa zamu kwenye machela alipopelekwa hospitali, mvua ikinyesha, mpaka barabarani.

Baba alichoka sana. Mungu amlaze pema, asiamshwe na mtu.