Ng'ombe Aliyeondoka Kabla ya Mapacha

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Na nyinyi mliokaa huko nyuma karibu na mlango, itikieni nisikie, kwa sababu mimi mtu akinyamaza huwa najiuliza ananyamazia nini.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Chebet, binti wa Kisii, niliyeolewa na Kipkoech hapa juu ya Kapsoit. Mungu alinipa macho mawili na mashaka ya watu kumi. Mtu akinirudishia chenji, naihesabu mbele yake. Akinisalimia kwa furaha nyingi, nawaza anataka kukopa nini.

Nilipobeba mimba yangu ya pili, daktari aliangalia picha ya tumbo akasema, "Mama, wako wawili." Sikumwamini! Nikasema hiyo mashine imezeeka. Nikaenda kliniki nyingine. Wawili! Nilirudi nyumbani nikihesabu kwa vidole, na kila mara wanatoka wawili.

Jioni hiyo mimi na mume wangu tulikaa mezani tukapanga bajeti. Ndugu zangu, kupangia watoto wawili kwa mara moja si mchezo! Tulisema bonasi ya mwaka ya majani chai italipa hospitali, ingawa mimi hiyo bonasi niliishuku. Malipo ya majani ya kila mwezi yatashika karo ya Chebet na unga. Halafu nepi, sabuni, nguo na chakula cha watoto vitatoka kwa ng'ombe wetu Chelel. Maziwa mengine nitakunywa ili nipate ya kunyonyesha, mengine tutauza.

Chebet alipozaliwa, maziwa yangu yalikuwa haba. Alikuwa mmoja tu, na alilia mpaka majirani wakaja kuuliza. Sasa wawili? Nilikuwa nimeingia supermaketi Kericho nikaangalia bei ya kopo moja la maziwa ya watoto wachanga, nikalirudisha polepole kama mtoto aliyelala. Kwa hivyo bajeti yetu yote ilimtegemea yule ng'ombe. Chelel akienda, wanangu watalala njaa.

Sasa sikieni. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko chini tu ya yetu, aliposikia ni wawili, alishika mdomo akaangalia chini. Hakunipongeza. Kesho yake asubuhi nikamkuta amesimama kwa mlango wa zizi.

"Mama Chebet, kuanzia leo usiingie kwa ng'ombe," akasema. "Hata ndoo usishike."

"Kwa nini, Mama?"

"Usishike tu."

Haya! Nikameza hiyo. Wiki haikuisha, nikaona zizi ni tupu. Nikamuuliza Kipkoech, ng'ombe ako wapi?

"Ako pahali."

"Pahali gani?"

"Mama anajua."

Ndugu zangu, mume wangu ni shemasi wa kanisa hili! Mtu ambaye hajawahi kunificha hata shilingi, leo ananiambia ng'ombe ako pahali! Na kuanzia hapo, kila mchana akawa anatoka, anarudi jioni amechoka, hasemi alikuwa wapi. Moyo wangu ulianza kunipeleka mbali. Dada yangu alipopiga simu kutoka kwetu Kisii, aliniambia bila kuzunguka, "Wamemuuza. Wewe ni mgeni hapo." Sikulala vizuri tena.

Mama mkwe akawa ananiuliza, "Umenunua nguo za watoto?" Namwambia bado, na pakiti ya nepi nimeificha ndani ya gunia la mahindi. Siku moja akaniambia, "Usinunue. Ngoja wafike kwanza." Nikasema, kumbe huyu mama anajua hawatafika. Akiniletea mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, kwa kibuyu, nampa paka kwanza, nakaa nikimwangalia kama ataanguka. Ndugu zangu, yule paka alinenepa!

Mnacheka, lakini niliogopa sana. Nilikuwa naogopa ndani ya nyumba yangu, kwa meza yangu. Nikaingia katikati ya majani chai mahali hakuna mtu, nikalia, nikasema, "Bwana Yesu, kama hawa watu wananitafuta, nitoe hapa na watoto wangu. Kama sivyo, nionyeshe ng'ombe!" Sikuomba kitu kingine. Nikajipangusa, nikarudi kupika.

Jibu halikuja. Uchungu ndio ulikuja, tena mapema. Nikajifungua salama, msichana na kijana, wadogo lakini wenye sauti kubwa. Asifiwe Bwana! Lakini maziwa yangu yalikuwa yale yale ya Chebet. Huyu akishiba, yule analia. Nikawa nimekaa kwa kitanda cha hospitali nikiangalia wanangu, najua nyumbani zizi ni tupu.

Siku ya kurudi, gari la jirani lilituacha kwa geti. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo na kamba mkononi. Mwisho wa kamba kulikuwa na ng'ombe. Hakuwa Chelel! Alikuwa wa rangi ya udongo, kiwele kimejaa, na ndama mchanga kando. Nikamwangalia huyo ng'ombe juu mpaka chini nikitafuta ujanja uko wapi.

Ndipo Kipkoech akafungua mdomo. Chelel alikuwa karibu kukauka maziwa. Mama alimpeleka kwa ndugu yake kule Chepseon, wakabadilishana na mtamba aliyekaribia kuzaa. Nyongeza aliilipa Kipkoech, na ndiyo sababu kila mchana alikuwa anachuna majani kwa mashamba ya watu.

Mama mkwe akaniwekea kamba mkononi. "Huyu ni wako," akasema. "Zamani mama wa mapacha hakuingia kwa ng'ombe wa boma. Lakini alipewa wake peke yake. Maziwa yake hakuna mwingine anakunywa, na hakuna wa kuuza."

Mume wangu akainamisha kichwa. Alinificha kwa kuogopa kanisa litasema shemasi amerudia mila. Mimi nikauliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

Alimpapasa ndama mgongoni. Halafu akasema, "Kipkoech hakuzaliwa peke yake."

Ndugu zangu! Miaka yote hiyo nimelala na huyu mwanaume na sikujua!

"Mimi nilikatazwa ng'ombe," akasema. "Lakini wangu sikupewa. Maziwa yalitosha mmoja. Nguo za wa pili nilikuwa nimeshashona."

Nilimshika tukalia pale pale kwa geti, ndama akituangalia.

Siku ile nilikunywa mursik bila kumwita paka. Nikanywa maziwa na uji, nikanywa tena, na maziwa yangu yakaja! Watoto wakashiba wote wawili, wakalala wote wawili. Bajeti tukaipanga upya bila maziwa ya kuuza, lakini pia bila kopo la dukani. Na bonasi ilipokuja ikawa ndogo. Hapo nilikuwa nimeshuku sawasawa!

Najua kuna mtu hapa anajiuliza kama hii ni mila au ni Mungu. Jiulize, mimi siwezi kukukataza kushuku. Ninachojua ni kwamba nilimwomba Yesu anionyeshe ng'ombe, na ng'ombe akaja.

Wewe unayeogopa chakula cha nyumbani kwako mwenyewe, mpelekee Bwana hofu hiyo leo, kama ilivyo, usiipambe. Hatakunyang'anya macho yako. Mimi chenji bado nahesabu. Lakini nalala, ndugu zangu. Nalala!

Mama, kongoi, asante. Simama na hao wajukuu wako, kanisa likuone. Hapana, usinirudishie mmoja. Beba wote wawili.