Bosi Kwenye Foleni ya Geti

Jioni ile Faraji alifika kijiweni Mikindani na sare yake ya ulinzi, akapokea kikombe cha kahawa, akakaa kifua mbele. Kiwanda kizima cha korosho kilikuwa kikimzungumzia yeye na bosi mpya, Mama Rozalia. Getini desturi ilikuwa moja: wabanguaji wakitoka hufungua mikoba, bosi hupita na gari lake. Leo mama yule alishuka garini, akapanga foleni nyuma ya wabanguaji, na zamu yake ilipofika akafungua mkoba.

— Ukaupekua kweli? aliuliza Redio, fundi baiskeli asiyejua kunyamaza.

— Mpaka mfuko wa ndani. Mwanzoni nilitaka kumpitisha tu, siwafichi. Akaniambia, “Kagua kama unavyowakagua wenzangu.” Nikakagua.

— Umekwisha! Huo mtego. Kesho unaitwa ofisini.

— Mtego wapi! alidakia Shafii, mshonaji waliyembandika jina la Wakili. Yule anautaka ubunge. Kaanza na kura za wabanguaji.

— Ubunge mdogo huo, alirukia Redio. Kuna tajiri wa ng'ambo anakinunua kiwanda, kafunga kamera juu ya mnazi anamtazama huyo mama!

Faraji alicheka. Wenzake wa kijiweni hawakuwepo getini. Hawakuwaona akina mama waliozoea kuibwaga mikoba mezani kwa hasira, leo wakiifungua wenyewe na kumwambia, “Kazi njema, kaka.”

— Tena si akina mama tu waliobadilika, alisema. Mnamjua Asgarali, mwenye duka la jumla mjini?

— Anayekupigia honi ukichelewa kufungua?

— Huyo huyo. Kila akija kuchukua mzigo hunifokea, “Mimi mteja, si mwizi.” Leo kamwona mama kwenye foleni. Kashuka mwenyewe, kafungua buti, kasubiri.

— Basi kawaroga wote! alisema Redio.

— Hakuna uchawi, bwana. Leo nimemaliza zamu bila kutukanwa.

Hadija, mmoja wa wabanguaji, alikuwa amesimama kununua kashata.

— Samahani, kaka zangu. Yule bosi aliyeondoka, gari lake lilikaguliwa hata siku moja?

— Hata siku moja, alijibu Faraji.

— Sasa alikuwa anatoka na nini?

Faraji alikuwa amempigia saluti bosi yule miaka yote. Lakini sasa moyoni aliamua: kesho, si mkoba tu, na gari la Mama Rozalia litafunguliwa.