Mota ya Pazia la Kanisa

Msimu ule wa mvua, mwaka wa themanini na tisa, benchi la nje ya karakana ya baiskeli pale sokoni Kasikeu lilikuwa na kesi moja tu: pazia la kanisa. Jonah ndiye aliyelifungia mota ya waipa ya lori, betri na mnyororo wa baiskeli. Akibonyeza swichi, pazia hujifungua lenyewe na waumini wakaona waliobatizwa wakitoka majini kwenye kisima cha ubatizo nyuma yake. Ubaya wake ni kelele. Jumapili iliyopita mota ilinguruma katikati ya maombi, watoto wakacheka, na mchungaji akasema ikirudia ataing'oa. Tangu siku hiyo Jonah hakuwa na usingizi. Leo alikuja mapema, akaagiza kahawa kwa Mumbua, muuza kahawa wa hapo, akawaeleza wenzake wawili: Muthama mwenye karakana, aliyeitwa Spana, na Waithaka muuza spea, aliyeitwa Diseli.

— Hiyo inataka grisi, — akasema Diseli, ambaye huuza grisi.

— Grisi ya nini? — Spana akamkata. — Mota imepigiliwa kwa mbao, na hiyo mbao inalia kama ngoma. Jonah, weka kipande ya tyubu hapo katikati.

Akamkatia kipande cha tyubu kuukuu. Jonah akakitia mfukoni, akashukuru. Mambo yangeishia hapo, lakini kahawa ilikuwa bado moto.

— Tyubu haitoshi, — akasema Diseli. — Chimba shimo huko nje, uzike mota na mchanga.

— Na ikiharibika, Diseli, tufukue kila Jumapili kama maiti?

— Basi wale mama wa kwaya waimbe kwa nguvu, wafunike hiyo kelele.

— Aiya! — Mumbua akaangua kicheko. — Wale wakiimba, si heri mota!

— Sikizeni, — Spana akainua kidole. — Tuiweke ndani ya mzinga. Kelele ya mzinga inabaki kwa mzinga.

— Na nyuki? — akauliza Diseli.

— Nyuki wataokoka.

Jonah akacheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Alikuwa na raha. Watu wazima wawili walikuwa wanagombania kitu chake, na hakutaka wakubaliane upesi.

Hapo akafika Kalunde, mwalimu aliyehamishwa juzi kutoka Tseikuru. Akasalimia, akapokea kikombe, akasikiliza habari ya mzinga kwa adabu.

— Samahani wazee, — akasema. — Kwani hiyo pazia haiwezi kuvutwa na mkono?

Spana akaangalia spoku za gurudumu lililokuwa mbele yake. Diseli akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Jonah alikuwa na jibu lake. Mkono ungeweza, tena kimya kabisa, na kanisa limejaa mikono. Lakini mkono hauchajiwi. Kila Jumamosi jioni kanisa humtuma mtu nyumbani kwake, ambako betri huchajiwa, kuuliza kama imejaa. Mtu huyo hupiga hodi, huketi, hunywa chai. Tangu dada yake Mbinya aolewe Matiliku, hodi nyingine hapigiwi. Aliona aibu, na upweke ukamuuma pale pale katikati ya watu.

Mumbua akainamisha birika. Likatoa matone.

— Imeisha, wazee.

Wenzake wakainuka kwenda kazini. Jonah akabaki na kikombe mkononi.

— Mumbua, hutaweka ingine?

— Mpaka kesho, Jonah.